Umbo, Jina na Tendo: Maana ya Kiroho ya Maumbo ya Jiometri katika Ukambani

1. Utangulizi

Suala la maana ya kiroho ya maumbo ya jiometri limewashughulisha wanafalsafa na wanadini wa mataifa mengi kwa muda mrefu. Katika mazungumzo yake yaitwayo Timaeus, Plato aliyagawia maumbo yenye nyuso zilizo sawa kazi ya kuujenga ulimwengu: piramidi ya nyuso nne ikawa moto, mchemraba ukawa ardhi, umbo la nyuso nane likawa hewa, la nyuso ishirini likawa maji, na la nyuso kumi na mbili likahusishwa na ulimwengu mzima. Mnamo mwaka 1596 Johannes Kepler alijaribu kueleza nafasi zilizopo kati ya njia za sayari kwa kuyapachika maumbo hayo matano moja ndani ya jingine. Ni yeye mwenyewe aliyetangaza mwaka 1609, baada ya kuulinganisha uchunguzi wa nyota na hesabu zake, kwamba njia ya Mirihi si duara bali ni duaradufu. Umbo lililodhaniwa kuwa kamilifu kupita yote lilishindwa na ushahidi.

Hata hivyo, kutokana na mapokeo ya namna hiyo imezuka desturi ya kutunga orodha za maana: duara ni umilele, mraba ni dunia, pembetatu ni utatu, msokoto ni ukuaji wa roho. Orodha hizi hutumiwa kana kwamba ni ufunguo mmoja ufunguao kila kufuli. Zikiletwa Afrika Mashariki, kibuyu kilichochorwa Kitui au kiondo kilichosukwa Makueni husomwa kwa ufunguo huo huo, pasipo yule aliyekichora au aliyekisuka kuulizwa neno.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba ushahidi wa lugha ya Kikamba, pamoja na desturi za Kitui na Makueni, hauiungi mkono desturi hiyo. Katika Ukambani umbo halina maana ya kiroho kwa kuwapo kwake tu. Maana hutokana na tendo litendwalo hapo, pamoja na neno liambatanalo na tendo hilo. Jambo hili ni zito hasa kwa wanafunzi na walimu wa Kiswahili. Kiswahili ndicho kinachotegemewa kuzieleza mila za makabila mbalimbali kwa Wakenya wote na majirani zao. Na neno moja likichaguliwa vibaya katika Kiswahili laweza kuingia vitabuni, kisha likarudi kijijini na kuwafundisha wenye mila kitu ambacho mila yao haikusema.

Yafaa itajwe mapema kwamba Makueni ilikuwa sehemu ya wilaya ya Machakos hadi mwaka 1992. Kwa hiyo mtafiti atakayezisoma kazi za zamani, kama zile za C. W. Hobley (1910) na Gerhard Lindblom (1920), atazikuta habari nyingi za Makueni zikiwa zimechanganywa na za Machakos.

2. Majina ya maumbo katika Kiswahili

Kabla ya kuingia Ukambani ni vyema kuichunguza lugha itakayotumika kueleza. Majina ya maumbo katika Kiswahili sanifu yana makundi matatu. Kundi la kwanza ni la maneno yenye asili ya Kiarabu, kama vile duara, mraba na mstatili. La pili ni la maneno ya Kibantu yaliyoundwa kwa kuhesabu pembe, na mfano wake ulio maarufu ni pembetatu. La tatu ni la nomino zilizozaliwa na vitenzi: mviringo kutokana na viringa, mzunguko kutokana na zunguka, mzingo kutokana na zinga, na msokoto kutokana na sokota.

Tofauti iliyopo kati ya kundi la kwanza na la tatu si ya asili tu. Neno duara hutaja kitu kilichokwisha kamilika, kilicho mbele ya macho ya mtazamaji. Neno mzunguko humbeba mtu au kitu kinachozunguka. Zilinganishwe sentensi hizi mbili: "Pale penye mti pana duara la wazee" na "Wazee wanauzunguka mti." Katika sentensi ya kwanza msomaji huliona umbo kutoka juu, kama alionavyo mwewe angani au mchoraji ramani mezani. Katika ya pili huwaona watu wakienda, na anaweza kuuliza: wanaanzia wapi, wanaelekea upande gani, wanasema nini, nani haruhusiwi kuwafuata?

Jiometri ya darasani hulitazama umbo kutoka juu, na haina budi kufanya hivyo, maana shughuli yake ni kupima. Lakini mshiriki wa ibada hayuko juu ya umbo wakati wowote. Yumo ndani yake, au yuko nje akingoja kuingia. Kwa hiyo mwandishi anayetafsiri habari za ibada kwa kutumia majina ya kundi la kwanza peke yake amekwisha kumwondoa mshiriki kabla hata hajaanza kueleza. Hata lugha yenyewe ina mifano ya kujihadhari: nyumba ya mviringo yenye paa la nyasi lililochongoka huitwa msonge, na katika jina hilo hamna neno duara.

3. Ithembo: mahali patakatifu pasipo umbo maalumu

Mahali pa ibada ya jumuiya katika Ukambani huitwa ithembo, wingi wake mathembo. Aghalabu ni mti mkubwa wa jamii ya mkuyu, au kichaka kilichoachwa bila kufyekwa huku mashamba yakikizunguka. Hapo wazee waliofikia daraja la ithembo walipeleka mbuzi, vyakula, maziwa na pombe wakati wa ukame, wakati wa kupanda, au maradhi yalipoenea nchini. Miti ya hapo haikukatwa, na kiumbe aliyekimbilia humo, awe mtu au mnyama, hakuuawa. Wanawake nao walikuwa na sehemu yao kubwa, hasa katika ngoma ya kilumi iliyopigwa kwa ajili ya aimu, yaani mizimu ya waliofariki, na kwa ajili ya kuomba mvua.

Mtafiti akiuliza umbo la ithembo hatapata jibu moja. Mti mmoja una kivuli chake, kichaka kingine ni kirefu kwa kuwa kinafuata kijito, na kingine kimeegemea mwamba. Hakuna kipimo wala idadi ya pande inayofanya mahali fulani pawe ithembo na pengine pasiwe. Hapa ndipo lugha inapotoa ushahidi ulio wazi. Neno ithembo linatokana na kitenzi -themba, yaani kutoa sadaka. Kutokana na mzizi huo huo Kikamba kina nthembo, yaani sadaka, na mũthembi, yaani yule anayeitoa. Ithembo basi ni mahali panapotolewa sadaka. Jina halisemi mti, halisemi mviringo, halisemi kitovu. Linataja tendo.

Uzito wa jambo hili ulidhihirika wakati Biblia ilipotafsiriwa kwa Kikamba. Wafasiri walihitaji neno la kumtaja kuhani wa Kiyahudi, ambaye kazi yake ilikuwa katika hekalu la mawe lenye pembe na vipimo vilivyoandikwa, nao wakalitumia neno mũthembi. Kama maana ya neno hilo ingefungwa katika umbo la kichaka au la mti, isingewezekana kuihamisha kutoka chini ya mkuyu hadi Yerusalemu. Iliwezekana kwa sababu kilichobebwa na neno ni tendo, na tendo laweza kufanyika mahali pa umbo lolote. Kiswahili nacho kina mfano kama huo, ingawa njia yake ni ya Kiarabu: msikiti, kwa asili yake, ni mahali pa kusujudu.

Mintarafu ya nadharia, mwanazuoni Mircea Eliade alishikilia katika kazi zake, hasa ile iliyochapishwa mwaka 1957 juu ya kitakatifu na kisicho kitakatifu, kwamba mahali patakatifu ni kitovu cha dunia kwa watu wa dini hiyo. Nadharia hiyo ina mvuto, na pengine inafaa katika nchi nyingine. Katika Ukambani inakutana na tatizo rahisi, nalo ni kwamba mathembo yalikuwa mengi. Kila eneo lilikuwa na la kwake, wala hakuna aliyeona kuwa kuwapo kwa ithembo la ng'ambo ya mto kunalipunguzia lake hadhi. Kitovu katika jiometri ni kimoja tu kwa kila duara. Mahali pa kutolea sadaka paweza kuwa pengi kama walivyo wengi wenye haja ya kutoa.

4. Nzaui na majina ya Mungu

Kilima cha Nzaui, katika Makueni, kina nafasi ya pekee katika masimulizi ya asili ya Wakamba. Husimuliwa kwamba hapo ndipo Mulungu alipowaweka watu wa kwanza, na kwamba alama za nyayo zao zimo mwambani. Masimulizi hayafanani yote: mengine husema watu hao walitolewa katika mwamba, mengine kwamba walishushwa kutoka mawinguni, na mengine hutaja watu waliotoka katika shimo la kichuguu. Mwenye orodha ya maana mkononi atalikimbilia shimo, aseme kuwa ni duara, kisha aseme kuwa duara ni tumbo la dunia. Lakini kinachorudiwa katika masimulizi hayo si shimo, maana mengine hayana shimo lolote. Kinachorudiwa ni vitenzi: kutoa, kushusha, kutoka. Watu hawakuwapo, kisha wakatokea, na aliyewatokeza ni Mulungu. Alama iliyosalia mwambani ni unyayo, yaani alama ya mtu aliyepita.

Majina ya Mungu katika Kikamba yanathibitisha mwelekeo huo. John Mbiti, mzaliwa wa Mulango katika Kitui (1931–2019), ameyaeleza majina mawili yafaayo kuzingatiwa hapa. La kwanza ni Mũmbi, kutokana na kitenzi cha kuumba na kufinyanga. La pili ni Mwatũangi, kutokana na kitenzi cha kupasua, kwani ndiye aliyepasua na kutenganisha vidole vya mikono na miguu ya binadamu. Mtu apendaye jiometri angetazamia Mungu aitwe kwa jina la umbo lililo kamilifu. Wakamba walimwita kwa kazi ya mikono: afinyangaye na apasuaye.

Ni katika eneo hilo hilo la Nzaui ambapo Peter Cameron Scott alianzisha kituo cha kwanza cha Africa Inland Mission mwezi wa Desemba 1895. Tangu wakati huo jina la Nzaui lina historia mbili za dini, ya mwanzo wa watu na ya mwanzo wa misheni. Kilima hakikubadilika umbo. Kilichoongezeka ni matendo yaliyofanyika karibu nacho, na pamoja na matendo hayo, maana.

5. Saba ya bara na saba ya pwani

Wanaotetea maana ya kudumu ya maumbo huzitegemea pia namba, kwa kuwa pembe na pande huhesabiwa. Hapa Ukambani hutoa funzo lililo kali. Namba saba, iitwayo mũonza, ilikuwa namba ya kuogopwa, na waandishi wa mwanzo wa karne ya ishirini waliieleza kuwa ni ya mkosi. Mũndũ mũe, yaani mganga apigaye ramli, alitikisa mbegu ndani ya kĩtete, ambacho ni kibuyu kidogo, akazimimina na kuzihesabu. Na idadi iliyotokea ndiyo iliyokuwa habari.

Huko pwani mambo ni kinyume. Waswahili wana fungate, zile siku saba za arusi, na neno lenyewe ni la asili ya Kibantu lenye maana ya saba, lililobaki katika lugha hata baada ya neno la Kiarabu kushika nafasi ya namba ile katika kuhesabu. Mtoto hufanyiwa akika siku ya saba. Hujaji huizunguka Al-Kaaba mara saba. Kwa Mswahili saba ni hesabu ya kutimia na ya heri.

Kama maana ingekaa ndani ya namba yenyewe, isingekuwa heri pwani na mkosi bara, kwa watu ambao misafara yao ya biashara ilikutana kwa vizazi vingi. Haitoshi kusema kwamba upande mmoja umekosea. Kinachofaa kusemwa ni kwamba saba ya mganga na saba ya fungate ni matendo mawili mbalimbali yanayotumia hesabu moja. Mfasiri atakayeandika kuwa Wakamba "huamini nguvu ya namba takatifu saba" atakuwa ameipeleka heri ya pwani mahali palipokuwa na hofu.

6. Kuzunguka

Pengine patatokea pingamizi kwamba duara linaonekana katika ibada za dini nyingi mno kuwa ni jambo la bahati tu. Pingamizi hilo linastahili kujibiwa, tena kwa mfano uliopo Makueni kwenyewe. Huko Makindu, kando ya reli itokayo Mombasa, lipo hekalu la Masingasinga lililojengwa mwaka 1926. Katika ndoa ya dini hiyo bwana na bibi arusi hukizunguka kitabu kitakatifu, Guru Granth Sahib, mara nne, na kila mzunguko una maneno yake yanayosomwa na kuimbwa. Mwislamu naye katika tawafu huizunguka Al-Kaaba mara saba, akiiweka upande wa kushoto wake.

Mtazamaji aliye juu angechora maduara mawili yaliyofanana na kusema kuwa dini hizi mbili zinasema jambo moja. Mshiriki hawezi kuchanganya. Mmoja anafunga ndoa, na mwingine anatimiza hija. Mmoja anakizunguka kitabu kilichowekwa mbele ya jamaa zake, na mwingine anaizunguka nyumba iliyo kibla cha Waislamu wote. Hesabu ni tofauti, maneno ni tofauti, na wajibu unaofuata baada ya kumaliza ni tofauti. Kufanana kwa njia iliyokanyagwa na miguu ni kweli, na ni jambo la kuvutia, lakini ni kufanana kwa njia, si kwa safari.

Aidha, si kila kilicho mviringo kina asili ya ibada. Kwa urefu ule ule wa ukuta, mviringo huzingira eneo kubwa kuliko umbo lolote jingine; basi mjenzi mwenye miti michache na nyasi chache ana sababu njema ya kujenga msonge. Chungu chenye kitako cha mviringo hustahimili moto kuliko chenye pembe. Mafiga huwa matatu kwa kuwa chungu juu ya matatu hakiyumbi. Hayo hayazuii nyumba, chungu na mafiga kuingizwa katika ibada na kupewa maana. Yanazuia tu mtu kudai kuwa maana hiyo ndiyo iliyoyazaa maumbo.

7. Michoro inayosomwa

Upo ushahidi mwingine ambao kwa mtazamo wa kwanza unaonekana kwenda kinyume na hoja ya makala haya, nao ni michoro. Lindblom ameeleza kuwa katika jando kuu la Wakamba, liitwalo nzaiko nene, vijana walitegwa vitendawili vilivyochorwa, nao walitakiwa kuvifumbua. Hapa basi umbo lina maana, tena maana ya siri. Lakini ni maana ya namna gani? Ni ya kitendawili, yaani maana inayohitaji mtegaji, mteguaji na jawabu lililokubaliwa katika jando. Kijana aliyeachwa peke yake na mchoro hakuweza kulipata jawabu kwa kuzipima pembe zake. Alifundishwa.

Majirani Wakikuyu wana gĩcaandĩ, kibuyu kilichochorwa alama ambazo mwimbaji huzifuata katika utungo wa mafumbo na majibizano. Vittorio Merlo Pick alichapisha mkusanyo wake mwaka 1973, na Ngũgĩ wa Thiong'o akampa mwimbaji wa gĩcaandĩ kazi ya msimulizi katika riwaya yake ya Kikuyu ya mwaka 1980. Mbali zaidi, Wachokwe wa mashariki ya Angola huchora sona mchangani kwa ncha ya kidole, mstari ukipita kati ya nukta bila mkono kuinuliwa, huku hadithi ikisimuliwa. Paulus Gerdes wa Msumbiji (1952–2014) ameonyesha jinsi hisabati iliyomo katika sona ilivyo ya hali ya juu. Katika mifano yote mitatu mchoro bila sauti ni nusu ya kitu. Alama za gĩcaandĩ zinaimbwa, sona inasimuliwa, na kitendawili cha jando kinateguliwa.

Hatari inayoikabili elimu ya mambo haya inaonekana hapo. Kibuyu kikinunuliwa na kuwekwa nyuma ya kioo, mchoro husalia na sauti huondoka. Anayekuja baadaye hukuta pembetatu tupu, na kwa kuwa binadamu hapendi ukimya, huijaza kwa maana aliyoisoma katika kitabu cha nchi nyingine. Baada ya miaka kadhaa maana hiyo huandikwa kuwa "imani ya Wakamba".

Kiondo kinatoa onyo la ziada. Wanawake wa Kitui na Makueni wamesuka viondo kwa nyuzi za gome la mbuyu na baadaye kwa mkonge, wakianzia katikati ya kitako na kuzunguka hadi mdomoni. Katika miaka ya 1970 na 1980 viondo viliuzwa kwa wingi nchi za nje, na mistari na rangi zikaanza kufuata matakwa ya wanunuzi. Mtafiti atakayeisoma mistari ya kiondo cha biashara kama maandishi ya roho aweza kuwa anausoma upendeleo wa mwenye duka wa ng'ambo. Ni msukaji peke yake awezaye kumwambia ni mstari upi alioachiwa na mama yake na ni upi ulioagizwa.

8. Onyo kutoka katika sarufi

Wanalugha nao hawajaepukana na kosa hili. Mbiti, katika kitabu chake cha mwaka 1969 juu ya dini na falsafa za Kiafrika, alizipanga nyakati tisa za kitenzi cha Kikamba katika jedwali, akaona kuwa wakati ujao ulio mbali hauvuki muda wa miezi miwili hadi sita hivi. Kutokana na hayo alieleza dhana ya wakati ya Kiafrika kwa maneno mawili ya Kiswahili, Sasa na Zamani, wakati ukielekea nyuma badala ya mbele. Kazi hiyo ilifungua mlango mkubwa, na heshima yake haipungui. Lakini wanafalsafa waliofuata, miongoni mwao Kwame Gyekye mwaka 1987, waliupinga ujumla wake. Na walimu wengi waliurahisisha zaidi kwa kuchora ubaoni mstari wa Wazungu na duara la Waafrika, duara ambalo Mbiti hakulichora.

Funzo ni kwamba viambishi vya njeo ni ushahidi wa namna watu wasemavyo juu ya matendo. Si ramani ya ulimwengu wao wote. Mkulima wa Kitui apandaye mwembe, ambao hauzai kwa msimu mmoja wala miwili, anaishughulikia miaka ijayo, iwe kitenzi chake kina kiambishi cha miaka hiyo au hakina. Umbo la wakati, kama maumbo mengine, lisichorwe kabla matendo hayajatazamwa.

9. Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba katika Kitui na Makueni maana ya kiroho haipatikani kwa kulitazama umbo peke yake. Ithembo lina jina la tendo la kutoa sadaka, na halina umbo lililowekwa. Mulungu anaitwa kwa kufinyanga na kupasua. Namba saba ina hofu bara na heri pwani. Mchoro wa jando ulihitaji jawabu lililofundishwa. Hayo hayapunguzi utakatifu wa vitu hivi. Yanauweka utakatifu huo mikononi mwa watu wanaoutenda, mahali ambapo lugha zao zenyewe zimeuweka.

Kutokana na hayo, mambo matatu yafaa kufuatwa na wakusanyaji wa habari hizi. Kwanza, kila umbo linaponakiliwa, kinakiliwe pamoja nalo kitenzi ambacho mwenyewe anakitumia, kwa Kikamba chake, kabla ya tafsiri yoyote. Pili, iandikwe ni nani alitenda, wakati gani, na nani hakuruhusiwa. Tatu, mwenye kitu akisema kuwa mchoro huu ni pambo tu, basi liandikwe neno pambo. Kulazimisha siri pasipo siri ni kumdharau msemaji sawasawa na kuipuuza siri iliyopo.

Katika tafsiri ya Kiswahili, inapendekezwa kwamba nomino kama duara na mraba zitumike pale tu kitu kinapopimwa, na kwamba katika habari za ibada mwandishi avirejee vitenzi: kuzunguka, kuingia, kutoka, kutoa, kumimina, kutega na kutegua. Kiswahili kinavyo kwa wingi, wala hakihitaji kuazima.

Kazi hii inawezekana. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kikundi cha wanawake cha Kyanika, katika Kitui, kikishirikiana na Makumbusho ya Taifa ya Kenya, kilikusanya mbegu za aina nyingi za vibuyu pamoja na majina yake, matumizi yake na masimulizi yake. Mbegu hazikutengwa na maneno. Huo ni mfano wa kuigwa na wale wanaokusanya maumbo, kwa kuwa wazee wanaojua jawabu la mchoro wanazidi kupungua, na mchoro ukishapoteza jawabu lake hautakosa mtu wa kuupa jawabu jingine.